Mlango wa Bluu Nyuma ya Kinu

Ornella mwanangu,

Umekwenda Ngagara kuwaaga shangazi zako, na najua hawatakuachia mapema. Watakulisha mpaka ushindwe kuinuka, kisha watakuambia yote ambayo binti anayesafiri huambiwa: mkoba uweke mbele, kanisa usilisahau, wanaume wa Dar es Salaam wana maneno matamu. Wameniondolea kazi hiyo, nawashukuru. Kuhusu Kiswahili chako sina la kusema. Wenyeji wa huko watakucheka ukisema "apana" na "mutu", nawe utawacheka wanavyozungukazunguka kabla ya kufika kwenye neno wanalolitaka. Mtazoeana.

Mimi nina jambo moja tu. Lingekuwa jepesi ningekuambia mezani Jumapili, badala ya kuinuka na kwenda kuosha sahani zilizokuwa safi.

Unakumbuka ulichokuwa unasimulia. Kampuni iliyokuajiri inakua, na inatengeneza kitu kipya cha mabasi ya shule: mzazi yuko kazini, anafungua simu, anaona basi limefika wapi, mtoto kashukia wapi, kapokewa na nani. Wewe umepewa upande wa wazazi. Ulikuwa unang'aa, nami nilifurahi kukuona hivyo. Kisha nikakuuliza mnajuaje kwamba anayetazama ni mzazi.

"Mama, si ataandika namba ya mutoto, ile shule imemupatia. Ni muzazi tu ndiye anaijua."

"Na mtu mwingine akiijua?"

"Hiyo tutaiweka nyuma. Kwanza kitu kitoke, watu wazoee."

Hapo ndipo nilipoinuka. Maneno hayo niliyasema mimi zamani, hayohayo, karibu kwa sauti hiyohiyo. Uliwahi kuniuliza kwa nini niliacha ukubwa kazini nikaenda kukaa chumba cha nyuma na watu wa malalamiko. Ulikuwa shule ya bweni Gitega, nikakujibu kwamba nilichoka. Sikuchoka.

Kampuni yetu ilipoanza ilikuwa chumba kimoja Rohero, nyuma ya duka la dawa. Bwana Désiré, mwenye kampuni, alitafuta bidhaa na vijana wa kuzipeleka; mimi nilikaa kwenye simu. Mtu anapiga, anaomba unga, makaa, sabuni, nasi tunampelekea nyumbani. Tabu ilikuwa hapo kwenye nyumbani. Mji wetu unaujua. Hata barabara yenye namba, wenyewe hawaitaji namba. Mtu anakuambia, "Ukifika kwa yule fundi wa redio, kata kushoto." Unafika, unakuta fundi alikufa zamani na duka limekuwa saluni, lakini kona bado ni yake.

Mimi ndipo nilipong'ara. Nilimwuliza mteja maswali mpaka nikaiona nyumba yake kwa macho, kisha nikaandika kwenye kompyuta maelezo ambayo hata mgeni wa jana asingepotea. Niliandika milango, niliandika mbwa, niliandika na watu. "Mzee asiyesikia vizuri, gonga dirishani." "Mjane, hurudi kazini jioni." Vijana wa kupeleka mizigo walinipenda kwa hilo. Bwana Désiré aliwaambia wageni wake kwamba kampuni ina hazina moja, nayo ni kichwa cha Mama Ornella. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Tukakua. Tukapata ofisi ghorofani na vijana wa kompyuta, mkubwa wao akiitwa Blaise, mpole, mwenye kusema polepole. Mimi nikawekwa juu ya huduma mpya, na ya kwanza niliibuni mwenyewe. Tuliiita Fika. Una zawadi ya rafiki yako, au unataka kumtembelea mgonjwa, na kwake hupajui. Unafungua Fika kwenye simu yako, unaandika namba yake tu, na maelezo yangu yanakutokea, njia yote mpaka mlangoni.

Usinione mjinga. Nilikuwa na sababu, tena nzuri. Kwetu mtu haombi ruhusa ya kutembelea, anakuja. Kumwuliza mgeni unakuja kufanya nini ni kumfukuza. Katekista wetu alipenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone, na nililiamini neno hilo kwa moyo wote. Ukiingia mtaa usioujua ukamwuliza mtu wa kwanza kwa fulani ni wapi, ataacha kazi yake akufikishe. Nilidhani Fika ndiye huyo mtu wa kwanza.

Blaise alikuja mezani kwangu akiwa ameshika kalamu bila karatasi.

"Mama Ornella, mutu akiandika namba ya mutu mwengine, tunamuonesha nyumba hivi tu? Mwenye nyumba hatumuulize?"

"Tumuulize nini?"

"Kama anataka huyo mutu ajue kwake. Tunamutumia mesaji: fulani anaomba njia ya kwako, unakubali? Akinyamaza, hatuoneshe kitu."

Nilicheka, na ofisi nzima ikasikia. "Blaise, we ulikulia wapi? Mutu anakuya na zawadi, unamuachaka inje, unaenda kuuliza ndani kama aingie? Ni haya hiyo!"

"Si kila mutu anakuyaka na zawadi, Mama."

"Hiyo tutaiweka nyuma," nikamwambia. "Noeli iko karibu. Kwanza itoke."

Hakurudia tena. Ukimcheka mtu mpole mbele ya wenzake, umemfunga mdomo, na mimi nililijua hilo vizuri nilipokuwa nacheka. Fika ikatoka kabla ya sikukuu, na watu waliipenda kweli. Wapo waliopelekewa kitenge na watu ambao hawajaonana nao miaka. Bwana Désiré alininunulia keki.

Sasa nikuambie habari ya Furaha. Unamfahamu, na nitakuambia unamfahamu wapi.

Miongoni mwa sauti nilizozizoea kwenye simu enzi za chumba kimoja, kulikuwa na ya mama mmoja wa Jabe, fundi wa kushona, Mkongomani. Alikuwa mtani. "We mama wa simu," aliniambia kila mara, "siku moja utaleta unga wewe mwenyewe, nione hiyo sura." Alikuwa amevuka kutoka Uvira na binti yake mdogo, Neema, akimkimbia mumewe. Habari ya mume sikuijua, wala hakuwa na sababu ya kuniambia. Mimi nilijua unga wake na makaa yake. Na nilimwuliza maswali yangu, naye akanijibu yote, kwa sababu alijua anamjibu mwanamke mwenzake kwenye simu.

Haya ndiyo niliyoyaandika, nayajua kwa moyo kama sala: "Jabe, nyuma ya kinu cha kusaga, mlango wa bati wa bluu. Mama Mkongomani, mshonaji, anaishi peke yake na mtoto. Usigonge kwa nguvu, mtoto hulala mchana. Akiwa hayupo, mtoto yuko kwa bibi wa mlango wa kijani."

Mume aliipata namba ya simu kwa ndugu yao mmoja, aliyeitoa bila ubaya. Furaha alijua kwamba anayo, maana alikuwa akimpigia na kumtukana. Hakuogopa sana. Namba ni sauti tu, alifikiri, na sauti unaikata. Mume akasikia kwa watu habari ya Fika. Akaandika namba.

Mume alikuja wakati Furaha yuko sokoni kununua vitambaa. Hakumwuliza mtu yeyote njia. Nenda hata leo kwa mwenye kinu umwulize, atakuambia: angeuliza, asingefika. Mwenye kinu alijua kwamba yule mama ana mtu anayemwogopa. Angemtazama mgeni usoni. Angemwuliza, "We ni nani kwake?" Angesema, "Ngoja hapa, niangalie kama yupo," na kabla mgeni hajakaa, mtu angekuwa ameshatumwa mbele kumwonya Furaha. Ndivyo wanavyofanya watu wa mitaa yetu. Nimezaliwa katikati ya watu hao, kwenye mtaa tunaouita katiye ya tano, na nimemwona mama yangu mwenyewe akimwambia mtu mlangoni kwamba jirani amehama, na jirani yumo ndani anasonga ugali. Nilipoibuni Fika nilikumbuka mkono unaomfikisha mgeni. Jicho linalompima kwanza nililisahau.

Yule mume alipoona mlango wa bluu umefungwa, akaenda kwenye wa kijani. Bibi wa hapo anaitwa Mama Zawadi, mama mzima, mtu wa kanisa. Mgeni akamwambia, "Nimetumwa na Furaha. Amesema kama hayuko, mutoto iko kwako." Neema alikuwa amelala, kwa sababu ulikuwa mchana. Akaamka, akasema, "Papa."

Mama Zawadi alimpa mtoto. Kwetu anayejua mambo ya ndani ametumwa na wa ndani, nani asiyejua hivyo? "Alijua kila kitu," alikuwa akisema baadaye, akishika kichwa. "Alijua mpaka saa ya kulala ya mutoto. Ningemunyima namna gani?" Aliwahi kumfunga kiatu kimoja Neema, cha pili yule mwanaume akamfunga mwenyewe.

Kabla jua halijazama walikuwa wamevuka mpaka wa Gatumba. Uvira hakukaa. Wengine wakasema amepanda milimani, wengine Bukavu, wengine mbali zaidi, na vita vya huko vikawatawanya hata waliokuwa wakisema. Hakuna aliyemwona Neema tena.

Baada ya hapo mume alipiga simu mara moja tu, kumwambia Furaha jinsi Fika ilivyomfikisha kwa mtoto. Alitaka ajue. Kwa hiyo Furaha alikuja ofisini, akasimama mbele ya meza ya Blaise na kitambaa cha watu bado kimemning'inia begani, na pini mdomoni ameisahau. Akaitoa.

"Mi sikumupatia mutu adresi yangu. Namba peke yake. Namba haisemake mutu anakaa wapi. Nani alimuambia mulango wa kijani?"

Blaise alifungua kompyuta, akasoma, akaniangalia, akanyamaza tena. Ningeweza kunyamaza na mimi. Nikasema, "Ni mimi niliandika."

Akanigeukia. "Ni weye ile sauti ya simu?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa nakungojea ulete unga," akasema.

Hakulia. Niliyelia ni mimi, na niliona aibu, maana mtoto hakuwa wangu.

Bwana Désiré alisikitika kwa kweli, lakini alisema, "Sisi hatukuiba mutoto wa mutu. Yule ni baba yake." Ornella, sikiliza neno hilo. Ni kweli tupu. Yule mwanaume alikuwa mzazi. Hakudanganya jina, hakudanganya damu. Ungemwuliza swali lako, wewe ni mzazi, angejibu ndiyo na angekuwa msema kweli. Namba ya mtoto ya shule angekuwa nayo, shule ingempa yenyewe. Na basi lenu lingemwonyesha mtoto kashukia wapi.

Tuliifunga Fika kwa siku chache. Blaise akaiweka ile mesaji yake, unakubali au hukubali, na ukimya ni kukataa. Haikumchukua hata wiki, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kisha tuliketi wawili tukafuta nilichokuwa nimeandika juu ya watu, mteja mmoja baada ya mwingine, wajane, viziwi, wagonjwa, wanaoishi peke yao. Tukabakiza milango. Mpelekaji unga alihitaji mlango. Hakuhitaji kujua kama ndani kuna mwanaume au hakuna. Mimi niliandika kwa sababu nilijua, na nilipenda kuonekana najua.

Ndipo nilipoomba kwenda chumba cha nyuma. Kila kitu kipya cha kampuni hupita mezani kwangu kabla hakijatoka. Vijana wananiita Mama Ngoja, wanadhani sisikii. Huwa nawaambia wachague mtu ambaye wao wenyewe wangemficha mtoto wao asimwone, wawaze kwamba wamempa kile kitu, wamfuate hatua kwa hatua waone kitamfikisha wapi. Nawaambia wafanye hivyo kikiwa bado ni mchoro ubaoni, kwa maana kikishajengwa kila mtu anapata sababu ya kutokigusa. Mara nyingine wananisikia. Mara nyingine Noeli iko karibu.

Sikuambii usiende. Nenda. Ila najua utakavyokuwa: mgeni, mdogo kuliko wote, mwanamke, na Kiswahili cha kuchekwa. Ukisema ngoja, watakuona unairudisha kampuni nyuma. Mkubwa wako hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa mtu kama mimi, mwenye sababu nzuri na haraka ya sikukuu, na atacheka. Naogopa kicheko hicho kwa ajili yako kuliko ninavyoogopa njia na wezi. Blaise ni mtu mzima sasa, ana watoto, na bado akinipita kwenye ngazi hanitazami vizuri. Sijui kama hajanisamehe kucheka au hajajisamehe kunyamaza. Sijawahi kuthubutu kumwuliza.

Sasa, gauni utakalovaa kesho safarini. Ulisema fundi yule wa Jabe hasemi, anapima tu kama hakuoni, kisha akakushika mabega akayashikilia kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Huyo ndiye Furaha.

Bado anakaa palepale, mlango uleule wa bluu. Watu walimwambia ahame, abadilishe na namba. Hakukubali. Zamani alipokuwa akimsuka Neema nywele, alikuwa akimwimbisha namba ile ya simu mpaka mtoto akaishika yote, ili akipotea sokoni awe na cha kumwambia mtu. Mtoto hana kingine cha kushika.

Juzi nilipokwenda kuchukua gauni, nilikaa naye. Siku hizi ananipa kiti. Simu yake ikalia, nikaona kwenye kioo ni Fika: kuna mtu anaomba njia ya kwako, unakubali? Swali la Blaise, lile tuliloliweka kwa sababu yake. Pengine mteja, pengine mtu wa kanisa. Akabonyeza ndiyo, haraka, bila kusoma jina.

"Furaha, si usome kwanza ni nani?"

"Nisome nini? Neema hana simu. Akiweza siku moja, atatumia simu ya mutu. Ntamujuaje kwa jina ya mwengine?" Akaurudisha uzi kwenye sindano. "Mi nakubalia wote, Mama."

Hata yule? Nilitaka kumwuliza hivyo, sikuweza. Alinijibu tu bila kuulizwa. "Na yeye aje. Pengine atakuya na mutoto."

Nilikaa pale nimeshika gauni lako. Katika mji huu wote, ulinzi ule mtu mmoja tu hawezi kuutumia, na ni yeye.

Nasikia geti, umerudi, na unacheka na mtu. Barua hii naiweka ndani ya mkoba wako chini ya maandazi, utaiona mkishavuka mpaka wa Kobero, ukiwa huwezi tena kurudi kubishana nami. Nakupenda kuliko ninavyojua kusema. Siku watakaposema hiyo tutaiweka nyuma, livae gauni hilo uende nalo kazini, ukumbuke limeshonwa na nani.

Mama yako